Moja Kifua, Mbili Tumbo

Juzi tulimzika Sifu kwao Kiogoro, nyuma ya nyumba, kando ya migomba, mvua ikinyunyiza. Sisi tuliokuwa wanafunzi wake tulipangwa mstari mmoja, watu wazima wenye vitambi na watoto wa kulea, na mshereheshaji akaniita mimi niseme neno kwa niaba ya wote. Nilisema alitufundisha nidhamu. Nilisema alikuwa mzazi kwa wengi. Watu wakaitikia kwa vichwa, mjane wake akanishika mkono kwa mikono yake miwili, nami nikarudi mahali pangu nikijua kwamba mtu pekee mwingine aliyejua nilichofanya nikiwa darasa la sita alikuwa ndani ya lile sanduku. Nilidhani nitaona nafuu. Sikuiona.

Ukumbi wake wa kung fu ulikuwa mjini Kisii, ghorofani, juu ya mashine ya kusaga unga. Ulipanda ngazi ya chuma iliyokuwa nje ya jengo, ukavua viatu mlangoni, ukaingia pekupeku kwenye sakafu ya mbao. Unga ulipenya kwenye nyufa ukatulia juu ya kila kitu: kope, nywele, madirisha, ndimi zetu. Mashine ikiwashwa, sakafu nzima ilitetemeka na mtetemo ukapanda hadi magotini. Hata leo, nikipita mahali wanaposaga mahindi na ile harufu ya unga wenye joto ikinifikia, vidole vya miguu yangu hujikunja vyenyewe ndani ya viatu.

Jina lake halisi lilikuwa Ombati. Alikuwa amefanya kazi ya kuchanganya zege miaka miwili katika kambi ya Wachina waliojenga barabara, na huko kulikuwa na mzee mmoja, mpishi, aliyeamka kila alfajiri akafanya mazoezi peke yake nyuma ya matangi ya maji. Ombati alisimama hatua chache nyuma yake akamwiga. Hawakuwa na lugha ya kuzungumza. Mzee hakumgusa hata siku moja, wala hakugeuka kumtazama anavyofanya. Barabara ilipokwisha, mzee akarudi kwao, naye Ombati akarudi mjini na fomu nne kichwani, yaani mifuatano minne ya hatua na mapigo, na jina moja, Sifu, ambalo mzee alikuwa amejigusa kifuani akilitamka. Maana yake ni mwalimu. Sisi hatukuambiwa. Mimi nilidhani ni Kiswahili cha kawaida, kwamba anaitwa Sifu kwa sababu kazi yake ni kusifu.

Na kweli alinisifu. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, mwembamba, na nilikuwa na kipaji kimoja tu duniani: nikionyeshwa jambo mara moja, mwili wangu ulilishika. Fomu ya kwanza niliijua kwa wiki mbili, hatua zote sitini, mkao wa farasi, mgeuko, teke la chini, na mwisho mkono wa mkuki: vidole vinne vimebanwa pamoja, vimenyooka, vinachoma hewa mbele yako mpaka mkono wa shati unatoa mlio. Wengine walichukua mwaka. Sifu alinitoa nyuma akanisimamisha mbele ya wote. "Tazameni Kemunto," alikuwa akisema. "Fanyeni kama Kemunto."

Baba yangu alikuwa karani wa serikali, na nyumbani kwetu Nyanchwa meza haikukosa fomu za kujazwa. Nilimwona akizirudisha zile zenye makosa, hata kosa la herufi moja, na kuzigonga muhuri zile zilizojazwa sawasawa. Kwa hiyo neno "fomu" nililielewa kwa namna yangu. Niliamini kwamba hewani kuna nafasi tupu, na mwili ukizijaza zote bila kosa, kuna muhuri unagongwa mahali fulani, na hakuna mtu yeyote anayeweza kukurudisha tena. Niliamini kuwa mtu anayeijua fomu anajua kupigana. Ningewezaje kuamini kingine? Hakuna aliyewahi kunipiga.

Zuhura ndiye aliyenipeleka pale. Nieleze alikuwa nani, maana kila kitu kinamhusu yeye. Tulikaa dawati moja shuleni. Baba yake alikuwa na duka la vitambaa, nyuzi na vifungo karibu na soko, na familia yao iliishi nyuma ya duka hilo, yeye, wazazi wake na kaka zake watano. Kiswahili kilikuwa lugha ya kwao nyumbani, kwa hiyo insha zake zilisomwa mbele ya darasa wakati sisi wengine tulikuwa bado tunapigana na ngeli. Alinisaidia zangu. Mimi nilimfundisha Kikisii, naye alicheka mpaka akashika tumbo nilipomwambia kwamba kwetu mama anaitwa "baba" na baba anaitwa "tata." Ijumaa yeye alikuwa na dini, Jumamosi sisi Wasabato tulikuwa na yetu, kwa hiyo Sifu alitupangia Jumapili, Jumanne na Alhamisi.

Katika fomu, Zuhura alikuwa kichekesho. Alikuwa mnene, na alichanganya kulia na kushoto. Sisi sote tukigeukia dirishani, yeye aligeukia mlangoni, akajikuta anatazamana na watu ishirini. Tulicheka, naye akacheka. Sifu alinipa ufito wa kugusa miguu ya waliokosea, na mimi nikajifunza upesi tofauti kati ya kugusa na kuchapa. Vifundo vya miguu yake vilikuwa na alama. Mazoezi yakiisha aliniletea mahamri yaliyofungwa kwenye gazeti, nikala, nikidhani ndivyo mambo yanavyopaswa kuwa, kwamba aliye mbele hulishwa na aliye nyuma.

Kisha wavulana wakubwa wakaenda Kisumu kwenye mashindano. Sifu alikuwa na hakika nao. Walirudi jioni hiyo hiyo na midomo iliyovimba. Walikuwa wamesimama kwenye mikao yao mizuri, wakapigwa wakiwa wazuri vilevile, kila mmoja chini ya dakika moja. Watu walicheka ukumbi mzima, Onsongo mkubwa, mmoja wa waliopigwa, alituambia, na mwamuzi mwenyewe alifunika mdomo.

Sifu hakuja Jumanne wala Alhamisi. Tulisikia amebaki Kisumu. Aliporudi alikuwa amekonda, na hakutupanga mistari.

"Nyinyi mko wazuri kama picha ya kalenda," alisema. "Picha ikipigwa inaanguka. Na si makosa yenu. Ni yangu. Mimi nilifundishwa na mgongo wa mtu. Sikuwahi kufundishwa na mikono yake." Akatazama chini kidogo. "Fomu hatutupi. Lakini kuanzia leo, nusu ya muda ni ya wawili wawili. Kila mtu atafute patna."

Zoezi lenyewe lilikuwa rahisi hata mtoto wa chekechea angeliweza. Mnasimama mkitazamana, umbali wa mkono. Mmoja anapiga, mwingine anakinga. Anayepiga anahesabu kwa sauti. Moja, ngumi ya kulia kifuani. Mbili, ngumi ya kushoto tumboni. Tatu, ya kulia usoni. Hakuna hila. Wote wawili mnajua nini kinakuja, na ngumi inasimama ikigusa nguo, haiendi zaidi. "Hii si vita," Sifu alisema. "Ni kuzoeana. Mwili ujue kwamba kuna mwili mwingine. Unamkabidhi mwenzako uso wako. Akikuambia mbili, ni mbili. Bila hiyo hakuna zoezi, kuna ugomvi tu."

Mimi na Zuhura tukashikana kwa mazoea ya dawati. Na hapo ndipo nilipogundua kwamba sijui lolote.

Ngumi yake ya kwanza ilipokuja nilifumba macho. Nilirudi nyuma. Ya pili, nikarudi tena, mpaka mgongo ukagonga ukuta na unga ukanimwagikia kichwani kutoka kwenye rafu. Watoto wakacheka. Mikono yangu, ile iliyojua hatua sitini, ilipepea kama ya mtu anayefukuza nyuki. Lakini Zuhura! Alikuwa amekulia nyumba nyembamba iliyojaa kaka watano na marobota ya vitambaa. Maisha yake yote alikuwa akipisha miili, akiisukuma kando, akijua bila kutazama kiwiko cha nani kiko wapi. Mikono yake ilikutana na yako kama inayokungoja. Na akipiga yeye, ngumi ilikuja kwa kasi ya kutisha, kisha ikasimama unywele mmoja kutoka kwenye pua yako, imetulia kabisa, kama kikombe kilichowekwa mezani.

"Usifumbe macho, Kemu," aliniambia kwa sauti ya chini, pale ukutani. "Sitakugusa."

Nilimwelewa vibaya. Leo najua kwamba kusimamisha ngumi mahali pale ndio ulikuwa ufundi wenyewe, na kwamba maneno yale yalikuwa ya rafiki anayemtuliza rafiki. Lakini mimi niliyasikia kama kejeli. Nilisikia: ningeweza kukupiga, ninakuhurumia. Nilisikia kila kipigo nilichowahi kumpa kwa ufito kikirudishwa kwa hesabu kamili, mbele ya watu, kwa namna ambayo sikuweza hata kuilalamikia.

Sifu alikuja akasimama kando yetu. Akamtazama Zuhura kwa muda mrefu, na uso wake uliokonda ukafunguka.

"Tazameni Zuhura," akasema. "Fanyeni kama Zuhura."

Wiki tano zikapita hivyo. Nusu ya kwanza ya mazoezi nilikuwa malkia, nusu ya pili nilikuwa mzigo. Wengine hawakutaka kufanya na mimi kwa sababu nilirudi nyuma na kuharibu hesabu, kwa hiyo Zuhura alinichukua kila siku, akanivumilia, akapunguza mwendo kwa ajili yangu. Nilimchukia kwa chuki ambayo sikujua mtoto anaweza kuwa nayo. Shuleni nilimfunika daftari langu. Mahamri niliyakubali, nikayatupa kwenye mtaro.

Alhamisi moja Sifu alitangaza kwamba mashindano mengine yako Nakuru baada ya majuma matatu, na kwamba safari hii kutakuwa na maonyesho ya wawili wawili. Akasema Zuhura ataongoza. Fomu ya mtu mmoja ataifanya Kemunto, akaongeza, kama mtu anayekumbuka mwavuli akiwa tayari mlangoni. Kisha akatutuma chini tukanywe maji, tuanze.

Kwa miaka mingi nilijiambia kwamba mkono uliteleza. Haukuteleza. Niliamua nikiwa kwenye ngazi ile ya chuma, napanda kutoka kunywa maji, nikitazama visigino vya Zuhura mbele yangu vikiwa vyeupe kwa unga. Niliamua kwa utulivu, jinsi mtu anavyoamua kupita njia nyingine.

Ilikuwa siku ya soko na mashine chini yetu ilikuwa inaunguruma bila kupumzika. Jozi kumi zilikuwa zikihesabu kwa pamoja, kila moja kwa mwendo wake, kwa hiyo ukumbi ulikuwa uji wa moja na mbili na tatu. Zamu ya kupiga ilikuwa yangu. Tulifanya mizunguko kama sita, safi kabisa. Zuhura alitabasamu. "Umeweza," alisema. "Kemu, umeweza!"

"Moja," nikasema, ngumi kifuani. Akakinga.

"Mbili," nikasema, na nikaona mikono yake miwili ikishuka kulinda tumbo, kwa sababu mbili ni tumbo. Uso wake ukabaki wazi mbele yangu, bado una tabasamu. Mkono wangu wa kushoto haukwenda tumboni. Ulifunguka, vidole vinne vikabanana, vikanyooka, na nikafanya mkono wa mkuki vizuri kuliko siku yoyote.

Kilichonishtua ni jinsi ilivyokuwa laini.

Hakupiga kelele. Aliketi chini taratibu, akafunika jicho la kulia kwa viganja viwili, akasema "Aa, aa," kama mtu anayekataa kuongezewa chai. Wengine waliendelea kuhesabu. Ilichukua muda kabla ukumbi haujanyamaza, na hata uliponyamaza, mashine haikunyamaza.

Sifu alimbeba. Kabla hajafika mlangoni aligeuka. "Nini kimetokea?"

"Mimi nilifika tatu," nikasema. "Yeye alikuwa bado kwa mbili."

Mikononi mwa Sifu, Zuhura aligeuza uso upande wangu. Kutoka chini ya viganja maji yalikuwa yanashuka hadi shingoni. "Nilisikia mbili," alisema. "Lakini labda... labda ilikuwa ya kina Moraa. Nimehesabu vibaya."

Moraa na patna wake walikuwa jirani yetu. Moraa akaitikia upesi kwamba ndiyo, wao walikuwa wanasema mbili wakati huo. Alikuwa mtoto, na watoto hupenda kuwa mashahidi.

Sifu alirudi kutoka hospitali jua likiwa linaelekea kuzama. Wenzangu walikuwa wameondoka. Mimi nilibaki kwa sababu niliogopa kwamba nikiondoka nitaonekana mwenye hatia. Alikaa kwenye benchi, akaniita, akashika mkono wangu wa kushoto, akaugeuza huku na huku kama mtu anayenunua kiazi.

"Tatu ni mkono gani?" akauliza.

Nilijaribu kuuvuta.

"Tatu ni ya kulia, Kemunto. Mimi ndio niliwafundisha. Huu ni wa kushoto. Wa kushoto ni wa mbili." Akaendelea kuushika. "Nilikuwa nyuma yako. Nilipopita hapa na yule mtoto, hivi vidole vilikuwa vimelowa."

Nilianza kulia. Nilitarajia kofi. Nilitarajia aniburute hadi Nyanchwa kwa baba. Kusema kweli nilitamani. Lakini Sifu alitazama ukumbi wake, yale madirisha yenye unga, viatu vya watoto vilivyosahauliwa.

"Nina watoto ishirini na mmoja hapa," alisema. "Wazazi wao wakisikia mtoto aliumia kwa bahati mbaya, watanung'unika, watarudi. Wakisikia mtoto alitolewa jicho makusudi, kesho nabaki na hii sakafu. Na Nakuru sina mtu wa fomu isipokuwa wewe." Akauachia mkono wangu. "Alikosea hesabu. Yeye mwenyewe amesema. Umenielewa?"

"Ndiyo, Sifu."

"Nenda nyumbani. Jumapili usichelewe."

Siku ya nne wazazi wangu walinipeleka kumtazama. Mama alibeba mkungu wa ndizi na kuku aliyefungwa miguu. Nyumba yao ilinukia udi na vitambaa vipya. Zuhura alikuwa amelazwa kwenye kochi, bandeji imefunika nusu ya uso, na kaka zake watano walikuwa wamekaa sakafuni wakimpepea kwa zamu.

"Pole sana, Mama Zuhura," mama yangu alisema kwa Kiswahili chake cha shida. "Hii maneno imetuuma sana. Huyu mtoto hata kula hakuli."

"Ni ajali, dada yangu," Mama Zuhura akajibu. "Watoto walikuwa wanacheza. Tunashukuru Mungu jicho moja lipo." Kisha akanivuta akanikumbatia, mimi, akanifuta machozi kwa ncha ya mtandio wake.

Zuhura akaniita karibu. Nilipiga magoti kando ya kochi. Alinong'ona ili kaka zake wasisikie.

"Kemu, nisamehe. Najua umeogopa sana. Nimekuharibia, na ulikuwa ndio umeanza kuweza."

Nilikuwa na nafasi. Ilikuwa pale, kubwa kama mlango. Chumba kizima kilikuwa kimya, kuku tu ndiye aliyekuwa akikwaruza sakafu.

"Nimekusamehe," nikasema.

Nakuru nilipata medali ya fomu. Sifu alinivika mwenyewe, akanisifu mbele ya watu, na tangu siku hiyo hakuacha kunisifu. Kila alipotaja jina langu nilihisi vidole vyake vikiugeuza tena ule mkono. Nilitamani akae kimya. Hakukaa.

Ningeweza kuishia hapo, na ningekuwa tu mtoto aliyefanya ubaya mmoja akaogopa. Lakini Zuhura alipona, kadiri alivyoweza kupona. Jicho lilibaki na ukungu mweupe, halikuona. Muhula uliofuata alirudi ukumbini, akakuta hakuna anayetaka kuwa patna wake, maana upande wa kulia hakuona ngumi zikija. Akanifuata shuleni wakati wa mapumziko.

"Nisaidie hesabu," alisema. "Mikono inajua. Ni hesabu ndiyo inanikosesha."

Basi tukasimama kwenye veranda ya darasa, siku baada ya siku, muhula mzima, mimi nikihesabu yeye akikinga. Walimu walipita wakaniita mtoto mwema. Na Zuhura hakuwa anakosea. Hata kwa jicho moja alikuwa sahihi, moja kifua, mbili tumbo, tatu uso, kila mara. Nami kila nilipoona amekuwa sahihi mara nyingi mno, nilisema, "Hapana. Umechelewa tena." Nilimtazama akisimama, akikunja paji la uso, akihesabu kimoyomoyo kwa kuchezesha midomo, akitafuta kosa ambalo halikuwepo. Nilihitaji alipate. Siku ambayo angejua kwamba hakosei, angeanza kujiuliza juu ya Alhamisi ile.

Kabla ya kufunga shule aliniambia ameacha. "Mimi hesabu haikai kichwani," alisema. "Mtu kama mimi ataumiza wengine." Alisema bila uchungu, kama anayesema kwamba ana miguu mipana. Mwaka uliofuata tulihamia upande wa Sironga, tukaachana.

Siku mbili baada ya mazishi ya Sifu nilikwenda dukani kwa kina Zuhura. Niliwahi kupita mbele ya duka hilo mara nyingi kwa upande wa pili wa barabara. Safari hii niliingia. Zuhura alikuwa nyuma ya kaunta, mama mtu mzima, mtandio wa kijani, jicho moja jeupe. Alinitambua kabla sijasema kitu, akapiga kelele ya furaha, akazunguka kaunta kunikumbatia. Mama yake, mzee sasa, alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki ndani. Binti wa Zuhura, wa miaka kama kumi hivi, alikuwa anapanga vifungo.

Mteja mmoja alitaka mita mbili za kitambaa cha bitana. Zuhura akapima. Akapima tena. Akapima mara ya tatu, midomo ikicheza, kisha akamwita binti yake ahakikishe kabla ya kukata. Mteja akapumua kwa nguvu.

"Nivumilie," Zuhura alimwambia akicheka. "Ndivyo nilivyo." Na mteja alipoondoka akaniambia, bado anacheka, "Unajua niliitwa chuo cha uuguzi? Nilikaa wiki tatu. Siku ya kujifunza kupima dawa kwenye sindano nilitetemeka mpaka nikaidondosha. Nilijiona nampa mtoto wa mtu tatu badala ya mbili. Nikarudi nyumbani. Afadhali vitambaa, havifi."

Nikamwambia. Sikuketi. Nilimwambia nilisema mbili, na kwamba Moraa hakusikia lolote. Nilimwambia kuhusu ngazi, mkono wa kushoto, Sifu na benchi, veranda.

Aliutazama mkasi mkononi mwake. Kisha akauliza, taratibu sana, "Mikono yangu ilikuwa wapi?"

"Tumboni. Mahali pake hasa."

"Nilikuwa sawa."

"Ulikuwa sawa."

"Na pale shuleni?"

"Ulikuwa sawa siku zote."

Aliweka mkasi chini. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, na hata, nikiri, kwa machozi na msamaha. Hakunipa hata kimoja. Aligeuka akaita ndani, "Mama, sogea hapa. Kemunto ana neno." Mama yake akajikongoja hadi kwenye kaunta, yule aliyenifuta machozi. "Mwambie," Zuhura akasema. Nikamwambia. Mzee aliinua ncha ya mtandio wake akaushikilia mdomoni. Zuhura akamwita binti yake. "Mwambie na huyu." Nikamwambia. Mtoto akauliza kwa nini nilifanya hivyo, nikasema ni kwa sababu mama yake alikuwa anajua kuliko mimi, naye akanitazama kama anayengoja niendelee. Barazani alikuwapo fundi cherehani, mwanamke wa makamo ambaye Kiswahili kinampiga chenga. "Huyu mwambie kwa Kikisii," Zuhura akasema, "amenifahamu tangu nikiwa mtoto." Nikamwambia kwa lugha yangu mwenyewe, na kwa lugha yangu ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu hakukuwa na neno hata moja la kujifichia.

Niliuliza kama naweza kwenda. Zuhura alikuwa ameshatoa simu, anampigia kaka yake mkubwa aliyeko Mombasa, anaweka spika. Kaka akaitikia. Zuhura akailaza simu juu ya kaunta, katikati yetu, akaisogeza kidogo upande wangu.

"Anza tangu mwanzo," akasema.